Maumivu yamekata siku ya tano, dawa ya wiki nane ya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 46. Mwezi uliopita niliingizwa mpira wenye kamera, kikaonekana kidonda cha tumbo cha sentimita moja na nusu. Bakteria wanaoleta vidonda hawakupatikana. Lawama ikaangukia ibuprofeni, niliyokuwa nikiimeza karibu kila siku kwa ajili ya mgongo. Nimepewa omeprazoli ya wiki nane, lakini siku ya tano tu maumivu yalikata. Niendelee ya nini? Tena nasikia zipo protini za ukuaji zinazoponya vidonda. Zinauzwa?

JIBU: Marahaba. Maumivu yamekata kwa kuwa tindikali imepungua. Shimo bado lipo. Nami niliwahi kuugua kidonda kama chako, nikaacha dawa wiki ya pili kwa hoja hiyo hiyo yako (na nilikuwa daktari tayari, aibu yangu). Wiki ya sita nikaona choo cheusi kama lami, yaani kidonda kilikuwa kinavuja damu.

Omeprazoli yenyewe haizibi kidonda. Inatuliza tindikali ili mwili uzibe, na wanaousukuma mwili ni hizo protini ulizosikia, yaani vichocheo vya ukuaji. Mojawapo huitwa EGF. Mwanasayansi Stanley Cohen aliikuta kwenye tezi za mate za panya: vitoto vya panya waliodungwa maji ya tezi hizo walifumbua macho kabla ya siku zao. Mwaka 1986 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na mwanasayansi mwenzake Rita Levi-Montalcini. Hata mate yako unayomeza sasa hivi unaposoma yanayo EGF. Panya wa maabara walioondolewa tezi za mate, vidonda vyao vya tumbo vilichelewa kupona.

EGF hunasa kwenye vipokezi vya seli zilizo ukingoni mwa kidonda. Seli hizo huanza kutambaa kuelekea katikati, kisha hugawanyika na kuongezeka. Lakini ngozi mpya juu ya shimo tupu haidumu. Chini yake inahitajika nyama changa, na nyama haioti bila damu. Hapo wanaingia vichocheo wengine, VEGF na FGF, ambao huita mishipa midogo ya damu ichipue. Kazi hiyo ndiyo inayokula wiki, na huwezi kuisikia ikiendelea.

FGF ina udhaifu mmoja: tindikali huiharibu. Kwa hiyo kila kidonge cha omeprazoli unachokiruka, unaiacha wazi. Ibuprofeni nayo huzuia prostaglandini, ambazo ni miongoni mwa vitu vinavyoamsha VEGF, kwa hiyo ilikuchimbia shimo na ingezuia lisifukiwe. Usiirudie, wala usihamie diklofenaki au aspirini ukidhani umebadilisha. Ni ukoo mmoja. Muulize daktari wako kuhusu parasetamoli. Kama unavuta sigara, hiyo pia inachelewesha.

Kuhusu kununua: mimi sina kidonge cha vichocheo cha kukuandikia, na chochote kinachouzwa kwa jina hilo nisingekigusa. Ishara inayoamuru seli ziongezeke ni nzuri ikizimwa kazi inapokwisha. Isipozimwa, hulisha uvimbe wa saratani; zipo dawa za saratani ambazo kazi yake ni kuziba vipokezi vya EGF.

Wiki nane zikiisha, rudi kwenye kamera hata kama unajisikia mzima. Baadhi ya saratani za tumbo hufanana na kidonda cha kawaida, na maumivu yake hupoa kwa omeprazoli vile vile. Ukiona choo cheusi, ukitapika damu, au tumbo likikaza ghafla kama ubao, usiniandikie mimi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.