Masafa yapi tena, kilomita?

Injinia mmoja kaniuliza hivi: "Naandaa ripoti ya jaribio la mtetemo nililoliiga kwenye programu ya kuchambua miundo. Niandike wimbi la saini au la sini? Masafa yangu ni 5 hadi 100."

Saini hapana. Ukiniandikia "mtetemo wa saini" namwona mzee anatia sahihi kwenye hati huku mkono unamcheza. Andika sini, lile wimbi laini linalopanda na kushuka sawasawa (sine). Neno lilitoka Kisanskriti likaingia Kiarabu, huko likaja kusomwa jaib, yaani uwazi wa nguo kifuani, basi watafsiri wa Kilatini wakaliita sinus. Limeshateseka vya kutosha.

Sasa hayo masafa, anayomaanisha idadi ya mitetemo kwa sekunde (frequency), manake ndo yaliyoninyima usingizi. Masafa ni umbali jamani! Mkimbiaji wa masafa marefu hatetemeki, anakwenda. Najua mtaniambia mbona redioni wanasema, sawa, ila angalieni walipoanzia: masafa mafupi, ya kati, marefu, hayo yalikuwa majina ya urefu wa wimbi, mita kabisa, umbali wa kweli. Na wimbi likiwa fupi ndo linajirudia mara nyingi zaidi, masafa mafupi ni megahertz 3 hadi 30 (hertz ni mara moja kwa sekunde, megahertz ni mara milioni) wakati stesheni za masafa ya kati hazifiki hata 2. Kwa hiyo masafa yakiwa mafupi namba ni kubwa, na siku hizi "masafa ya juu" nayo namba kubwa. Haya, elewa hapo.

Kwenye mtetemo ndo balaa zaidi. Chukua meza ya kutikisia, ipe mchapuko (kasi inavyobadilika) wa g 1, sawa na wa kitu kinachoanguka chenyewe. Kwenye hertz 5 inakwenda kama milimita 10 kila upande, unaiona kwa macho. Panda hadi hertz 50 kwa mchapuko uleule, inasogea sehemu ya kumi ya milimita tu, ukiigusa unahisi inavuma basi. Sasa liseme hilo kwa lugha yako: masafa yakipanda masafa yanapungua. Na kipande chote cha 5 hadi 100 utakiitaje, masafa ya masafa?

Mimi nasema marudio, kitu kinajirudia mara ngapi kwa sekunde, mtoto anaelewa. Tuseme bamba unalolijaribu juu ya meza lina marudio asilia, yale linayotetemeka lenyewe likigongwa, ya hertz 60, na dampingi, yaani kinachofifisha mtetemo, ni asilimia 2. Pale kwenye resonansi, meza ikitikisika kwa marudio hayohayo, bamba linatikisika kama mara 25 ya meza, lakini kilele chenyewe chembamba, upana wake hertz 2 na kidogo. Ukianza na 5 halafu programu ikaruka kumi kumi, itapiga hesabu kwenye 55, kisha 65, itakwambia mara 6 na wewe utalala usingizi mzuri kabisa wakati bamba linakatika. Huo mruko wa kutoka marudio fulani hadi mengine ukiuita masafa sikugombezi, hapo kweli kuna umbali.

Watu wa redio nshawaachia, siwawezi. Ila wewe andika: mtetemo wa wimbi la sini, marudio 5 hadi 100 kwa sekunde. Saini iweke mwisho, chini ya jina lako, mkono ukiwa umetulia.