Jibu: Dhahabu nyekundu na floraidi ya kisimani

Mkuu, umeuliza kwa nini dhahabu ya majimaji uliyoonyeshwa maabara ni nyekundu, na kama itapima floraidi ya kisima chenu Ngaramtoni.

Hujapigwa, ni dhahabu kweli. Chembe zake zinazoelea majini zikiwa na upana wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), mwanga huzitikisa elektroni zake kwa pamoja; zinafyonza mwanga wa kijani, wenye urefu wa wimbi karibu nanomita 520, na jicho linabakiwa na wekundu. Dondoshea chumvi ya mezani uone: chembe zinagandana, rangi inageuka zambarau, kisha bluu.

Shida ndiyo hiyohiyo. Maji ya huku chini ya Meru yana chumvichumvi kibao, rangi itageuka hata floraidi isipohusika, labda chembe uzivike molekuli inayokamata floraidi peke yake. Kujua tu kama umevuka kikomo cha maji ya kunywa, miligramu 1.5 kwa lita, tafuta elektrodi ya floraidi, yaani kipimo unachokichovya majini kikasoma floraidi. Haina mbwembwe.