Kwa mzazi wa Cork aliyeuliza kama hurling inalipa

Mkuu, umesema mmehamia Cork, Ireland, mwaka huu, kijana wako ana miaka 11, kocha wa shule anamsifu kwenye hurling, ule mchezo wa Kiairishi wa fimbo na mpira mdogo, na wewe unajiuliza kama mchezo huu una hela au umrudishe kwenye soka. Nina miaka tisa hapa na mwanangu anacheza, nakujibu kwa niliyoyaona.

Mshahara hakuna kabisa. GAA, chama kinachosimamia mchezo huu tangu 1884, ni cha ridhaa hadi leo. Mchezaji anayejaza Croke Park, uwanja wa watu 82,000, Jumatatu yuko kazini kwake: anafundisha, anafunga nyaya za umeme, anahudumia wateja benki. Anarudishiwa gharama za safari na kupata ruzuku ndogo ya serikali, basi. Na sahau habari za kusajiliwa na timu kubwa. Unachezea klabu ya mtaani kwenu, ukiiva unaitwa timu ya kaunti.

Sasa nikueleze habari za Seán Óg Ó hAilpín, nyota wa zamani wa hurling wa Cork, kwa sababu mtoto wako yuko pale pale alipoanzia yeye. Mama yake ni wa kisiwa cha Rotuma, Fiji, na baba yake Mwairishi. Alizaliwa Rotuma 1977, akakulia Sydney, akafika Cork 1988 akiwa na miaka kama ya kijana wako, fimbo ya hurling hajazoea. Wenzake wengi walikuwa wameishika tangu wakitambaa. Akajiunga na Na Piarsaigh, klabu ya upande wa kaskazini wa mji, na 1999 akabeba kombe la Ireland nzima na timu ya kaunti ya Cork. Mwaka 2001 ajali ya gari ikamharibu goti vibaya. Wengi wangeishia hapo. Yeye akarudi, na 2004 Cork wakabeba tena kombe, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka. 2005 alikuwa nahodha, akapokea kombe na kuhutubia kwa Kiairishi. Mtoto wa kuja! Wazee wa hapa wakikusimulia hotuba ile, sauti zao hubadilika.

Na mkate wake aliupata kwa kazi ya benki. Mdogo wake Setanta alifunga goli kwenye fainali ya 2003, kisha akaondoka kwenda Carlton, klabu ya Australia, kucheza mpira wa Kiaustralia, ambao si soka, kwa mshahara. Simlaumu hata kidogo. Lakini ndiyo njia panda yenyewe unayoiuliza, na ndugu wawili wa nyumba moja walipita kila mmoja ya kwake.

Kwangu mimi faida imekuwa nyingine. Mwaka wa kwanza hapa sikumjua jirani hata mmoja. Tangu mwanangu aanze mazoezi, nasalimiwa dukani kwa jina, na mke wangu alipolazwa, wazazi wa timu walipokezana kumchukua mtoto shule kwa wiki tatu. Sikuwaomba. Nikikumbuka hilo bado koo linanikaba.

Tena umri huo hana haja ya kuchagua. Wengi hapa wanacheza hurling, soka na mpira wa miguu wa Kiairishi kwa pamoja, na ratiba hubana wakishafika miaka 16 hivi. Hofu ya fimbo kupiga kichwa niliijua hata mimi, ila kofia yenye wavu wa uso ni lazima kwa kila mchezaji. Vidole ndivyo huumia mara kwa mara.

Fimbo usimnunulie ndefu ukidhani ataikulia, nilifanya kosa hilo na mtoto alikosa mpira msimu mzima. Isimamishe chini kando yake: iishie kwenye mfupa wa nyonga. Na nunua mbili, moja itavunjika kabla mwezi haujaisha.