Mwanangu, kuhusu neno tafsiri

Mwanangu mpenzi,

Assalaamu alaykum. Sisi hatujambo, na goti la baba yako limetulia. Sauti uliyonitumia nimeisikiliza. Wenzako wa ofisini huko Maskati wanakwambia tafsiri ni kuifafanua Qurani, na kugeuza maandishi ya lugha moja yawe ya lugha nyingine ni tarjama. Unaniuliza neno letu limetoka wapi, na kama Waswahili tumelikosea.

Limetoka kwao, hilo halina ubishi. Kwa Kiarabu fassara ni kueleza, kuliweka wazi jambo lililojificha, na tafsir ndiyo hayo maelezo. Lakini tarjama nayo tunayo, ndiyo tarjuma, na mwenye kazi hiyo akaitwa mtarjumani. Neno kongwe hilo: lilikuwamo katika Kiaramu, na zamani zaidi watu wa Babeli na Ashuri walisema targumannu. Basi yote mawili yalifika pwani, na sisi kazi kubwa tukaipa tafsiri. Mimi sababu naiona. Kumbuka darsa za Ramadhani baada ya alasiri: sheikh anasoma aya, anaisema kwa Kiswahili, anaieleza, na sisi tuliokaa pale hatujui kugeuza kumeishia wapi na kueleza kumeanzia wapi. Hata ile Qurani ya Sheikh Abdalla Saleh Farsy, ya 1969, anayoisoma baba yako, ina Kiarabu, ina Kiswahili, na ina maelezo chini. Maana kwanza, maneno baadaye. Nakwambia hivi tangu unasoma chuoni.

Ila kilichonikaa rohoni mimi si Kiarabu. Ni kesi ya shamba la babu yako.

Wewe ulikuwa mdogo, umesikia tu kwamba minazi ilikwenda. Mimi nilikuwamo mahakamani. Babu alisema juu ya yule bwana tuliyeshtakiana naye, nimemsikia kwa masikio yangu: "Shamba nilimwachia alime, mpaka wanangu wakue." Hakimu akisikiliza kwa Kiswahili, akiandika kwa Kiingereza, ndivyo ilivyokuwa siku zile. Tulipokata rufaa wakili akatusomea kilichoandikwa: babu shamba amempa yule bwana. Na "mpaka wanangu wakue" haimo kabisa. Babu akanigeukia, "Mimi nimesema nimempa?" Sikuwa na la kumjibu. Waliosikiliza rufaa waliangalia maandishi, hawakumwita mzee aseme tena. Mwaka 2021 sheria ya Tanzania Bara ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Babu yako alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Sasa utaniambia, mama, hakimu yule si alifanya hiyo tafsiri yako? Alisikia, akaelewa alivyoelewa, akaandika alichoelewa. Angeyabeba maneno kama yalivyo, minazi ingekuwa yetu. Usiku mwingine nalala na hoja hiyo, na naona wenzako wana haki: mbele ya sheria mtu atarjumu tu, asieleze. Kisha najiuliza, angeyabeba vipi? Kumwachia mtu shamba kwetu ni kumpa ruhusa alitumie, na pia ni kumpa moja kwa moja. Aliyesema ndiye anayejua ni ipi. Ilitakiwa aulizwe, "Mzee, ulimwachia kwa muda au ulimpa?" Swali moja tu. Na kuuliza huko ndiko kutafuta maana, nako ndiko tafsiri. Maana kwanza, maneno baadaye, sijapata wa kunitoa hapo.

Hata hivyo, ile "mpaka wanangu wakue" haikuhitaji maelezo ya mtu yeyote. Ilihitaji kuandikwa tu. Hapo tarjuma inanishinda, nakubali.

Kwa hiyo kama tumelikosea neno au hatukulikosea, sikuamulii, ingawa ulimi unaniwasha na wewe unajua nitasema nini. Wewe ndiye unayeshinda na hati za watu, mikataba yao na talaka zao. Nijibu wewe: likikujia neno kama hilo la babu, na mwenyewe hayupo wa kuulizwa, Kiarabu unaandika nini?

Baba yako anakusalimu. Wabusu wajukuu wangu.

Mama yako