Eksirei na nyota changa: jibu kwa mwanangu

Mwanangu Saumu,

Assalamu alaikum. Ujumbe wako nimeusoma, nikamsomea na babako. Unasema mhadhiri amewafundisha kwamba nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi na vumbi yenye baridi ya karibu digrii 260 chini ya sifuri, kisha akakupa mada ya kuzichunguza kwa eksirei, miale ya vitu vyenye joto la mamilioni ya digrii. Unauliza: baridi ile na moto huu vinakutana wapi?

Wingu lenyewe ni baridi kweli. Moto uko kwa mtoto aliye ndani yake. Wingu likijikunja kwa uzito wake, kitovu hupata joto na nyota hutokea, ikizunguka upesi kuliko Jua letu, gesi yake ikitokota toka ndani hadi juu. Gesi hiyo ina chaji za umeme, basi mzunguko na mtokoto huzaa sumaku yenye nguvu. Mistari ya sumaku husokotana juu ya nyota, hukatika, huungana upya, na gesi nyepesi iliyo hapo hufikia makumi ya mamilioni ya digrii. Uso wa nyota changa ya kadiri ya Jua letu ni baridi kuliko uso wa Jua! Lakini kwa eksirei nyota hiyo hulishinda Jua la leo mara elfu na zaidi.

Miale hiyo, hasa ile mikali, hupenya vumbi linalozuia mwanga wa kawaida, kama ile ya hospitali inavyopita nyama ikaonyesha mfupa.

Ila sababu ninayotaka uishike zaidi ni nyingine. Wanaotumia infraredi, miale ya joto isiyoonekana kwa macho, huitambua nyota changa kwa sahani ya vumbi inayoizunguka, ambamo sayari huumbika. Nyota ambayo sahani yake imeshatoweka hupotea katika umati wa nyota kongwe zilizo mbele na nyuma yake. Eksirei huifichua, maana sumaku yake bado ni kali. Ukiziacha hizo, hesabu yako ya watoto wa wingu moja itakuwa pungufu, na hutajua sahani hudumu muda gani.

Na kazi hii ilipita hapa kwetu, mwanangu. Angahewa huzuia eksirei za mbinguni, kwa hiyo lazima chombo kipande juu. Tarehe 12 Disemba 1970, Siku ya Jamhuri hapa Kenya, setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kwa eksirei za anga ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano la San Marco, baharini hapo Ngomeni. Wamarekani wenye chombo wakakiita Uhuru. Sikufichi, naona fahari kila nikikumbuka. Miongoni mwa vyanzo vya eksirei ilivyovinasa ni kile cha Nebula ya Orioni, wingu linalozaa nyota, karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari, umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi. Uhuru iliona doa moja tu. Setilaiti ya Einstein, ya mwaka 1978, ilikuwa na vioo vya kukusanya eksirei, ikaanza kulichambua doa hilo nyota kwa nyota. Mwaka 2003 Chandra, darubini ya eksirei iliyo angani, ikalikodolea macho karibu siku 13, ikapata nyota changa zaidi ya 1,400.

Baadhi zilionekana zikilipuka kwa nguvu ambayo Jua letu halina tena. Milipuko hiyo huipiga sahani na kuondoa elektroni kwenye atomi zake. Hayo yanabadilishaje sayari zinazoumbika? Bado yanajadiliwa, na hapo pana kazi ya mtu kama wewe.

Mada ichukue. Data za Chandra ziko wazi kwenye hifadhi yake, hulipi kitu. Anza na Orioni: chagua nyota zenye sahani na zisizo nazo, uzito uwe karibu sawa, ulinganishe eksirei zake. Mwonyeshe mhadhiri mpango huo kabla hujapakua chochote, kisha uniandikie amesemaje.

Babako anakusalimu.

Mamako,
Malindi