Maili za ndege ukiishi Lubumbashi: amua kabla ya kulipa tikiti

Tikiti ya kutoka Luano, uwanja wetu wa ndege, ni ghali, na kila anayesafiri hapa Lubumbashi analijua hilo. Ndiyo maana inaniuma nikiona wamama wanaofuata bidhaa Guangzhou, wazazi wanaopeleka watoto masomoni na vijana wa migodi wanaotumwa Johannesburg mara kwa mara, wote wakirudi bila hata maili moja kuandikwa kwa jina lao. Pesa imeshatoka. Maili, yaani pointi ambazo kampuni ya ndege humwandikia msafiri ili baadaye azitumie kupata tikiti, ni sehemu ya kile walicholipia, lakini kampuni ya ndege haiwezi kumwandikia mtu isiyemjua.

Nimezifuatilia maili zangu na za jamaa zangu kwa miaka mingi sasa. Watu wengi huniuliza kadi ipi ya kukusanyia maili ni nzuri. Mimi huwajibu kwa swali: mwaka huu utapanda ndege za nani? Kadi hufuata safari zako, na safari zetu za kutoka hapa zina njia chache. Ukipitia Addis uko na Ethiopian, ambayo iliingia Star Alliance, muungano wa kampuni za ndege zinazoandikiana maili, mwaka 2011. South African Airways (SAA) imo humo tangu 2006. Anayepitia Nairobi na Kenya Airways yuko upande wa SkyTeam, muungano mwingine, ambako kampuni hiyo iliingia mwaka 2010. Kwa hiyo mtu anayeenda Addis leo na Johannesburg kesho na SAA hana haja ya kadi mbili. ShebaMiles, kadi ya Ethiopian, inapokea maili za SAA, na za Lufthansa, Brussels Airlines, Turkish na Air China pia. Kufungua kadi kila unapopanda ndege mpya ni kama kugawa unga wa bukari kwenye mifuko mitatu: hakuna mfuko utakaotosha sufuria.

Sasa tufike kwenye jambo linalopoteza maili za watu wengi, nalo ni safari zenye namba ya kampuni moja na ndege ya kampuni nyingine. Unanunua tikiti, unaona namba inaanza na ET, alama ya Ethiopian, kila hatua, unadhani utasafiri na Ethiopian hadi mwisho. Kumbe kutoka Frankfurt kwenda mji mwingine wa Ujerumani anayerusha ndege ni Lufthansa. Soma mstari mdogo ulio chini ya namba ya safari, ule unaoanza na opéré par, yaani "inarushwa na". Hapo ndipo utajua utakuwa ndani ya ndege ya nani. Kwa mfano huu hakuna hatari, kwa kuwa kampuni zote mbili ni za Star Alliance. Hatari inakuja pale anayerusha ndege yuko nje ya muungano.

Airlink, kampuni ya Afrika Kusini, ni mfano ulio karibu nasi, maana wengi hapa hupanda ndege zake kwenda Johannesburg. Haimo Star Alliance, haimo SkyTeam. Ina mikataba yake na kampuni mbalimbali, moja kwa moja. Mwenye MileagePlus, kadi ya kampuni ya Marekani ya United, kwa mfano, anaweza kupata maili kwenye ndege za Airlink kwa sababu kampuni hizo mbili zilikubaliana. Mwenye kadi nyingine asikisie. Aingie kwenye tovuti ya kadi yake, atafute orodha ya washirika, asome ukurasa wa kampuni ile inayorusha ndege. Kuna kadi zinazohesabu kwa kuangalia mwenye namba, nyingine kwa kuangalia mwenye ndege, na ukurasa huo ndio unaosema ipi ni ipi.

Vilevile, hisa na maili ni mambo mawili tofauti. Ethiopian ina asilimia 49 ya Air Congo, iliyoanza kuruka mwishoni mwa 2024, na asilimia 49 ya Malawi Airlines. Hakuna kati ya hizo iliyo mwanachama wa Star Alliance. Kama unaenda Kinshasa na Air Congo, usihesabu maili kwa sababu tu umesikia kwamba Ethiopian ina mkono humo. Tafuta jina la kampuni kwenye orodha ya washirika.

Halafu kuna herufi. Kila tikiti ina herufi ya klasi: Y, M, K, L na nyinginezo. Watu wawili wanakaa viti vilivyopakana, wanakula chakula kimoja, lakini mmoja analipwa maili zote na mwingine robo, au hapati kitu. Chukua safari ya Guangzhou. Kwa umbali, kutoka hapa hadi Addis ni takriban maili 1,600, na kutoka Addis hadi Guangzhou ni kama 5,000. Kwenda na kurudi inakaribia 13,200. Kwenye kadi inayohesabu kwa umbali, herufi inayolipa asilimia 100 itakupa zote hizo, na herufi inayolipa asilimia 25 itakupa 3,300 tu. Wakati mwingine tofauti ya bei kati ya herufi hizo ni ndogo kuliko unavyofikiri. Kwa hiyo ukiwa ajansi sema hivi: "Mama, hii ni klasi gani? Na ile inayofuata ni dola ngapi zaidi?" Mhudumu anaiona kwenye kompyuta yake. Ukiwa na bajeti finyu, chukua ya bei ndogo bila kujilaumu. Dola mia moja mkononi ni bora kuliko maili ambazo huna mpango nazo. Ila tikiti za makundi ziangalie sana, maana nyingi hazilipi maili kabisa.

Majina yetu nayo yanaleta shida ambayo wenzetu wa nchi nyingine hawaijui. Pasipoti ya Kongo ina nom (jina la ukoo), postnom (jina linalofuata hilo) na prénom (jina la kwanza). Ajansi moja inaandika yote matatu, nyingine inaacha postnom, nyingine inaunganisha mawili kuwa neno moja refu. Kompyuta ya kadi ikiona jina lisilofanana na lile la akaunti, inakataa. Fungua akaunti kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha simama hapo ajansi mpaka tikiti iandikwe vivyo hivyo, na namba ya kadi iwekwe humo humo.

Kadi ya kupandia ndege usiitupe mpaka maili zionekane kwenye akaunti. Ipige picha, pamoja na namba ya tikiti yenye tarakimu 13. Ya Ethiopian huanza na 071, ya Kenya Airways 706, ya SAA 083. Dada yangu alirudi safari moja akakuta hatua ya katikati, iliyorushwa na kampuni mshirika, haijaandikwa. Tulijaza fomu ya madai mtandaoni, tukatuma picha hizo, na maili zikaingia. Bila picha tungeshika nini? Na usikawie, kwani kadi nyingi hutoa muda wa miezi 6 tu.

Kwa wamama wa biashara, mimi naona utajiri hauko kwenye tikiti ya bure, uko kwenye kilo. Ukifikia Star Alliance Gold, ngazi ya juu ya wanaosafiri sana, unaongezewa kilo 20, au valizi moja zaidi pale mzigo unapohesabiwa kwa idadi, kwenye ndege za muungano huo. Anayejua bei ya kilo ya ziada ataelewa ninachosema. Hapa ndipo uchaguzi wa kadi unapokuwa mzito. MileagePlus ina uzuri wake, maili zake haziishi muda tangu 2019, lakini kupanda ngazi kunadai angalau safari 4 kwenye ndege za United zenyewe. Nani kati yetu atazipata? Kwa anayepita Addis kila mara, ShebaMiles inamfaa zaidi.

Vijana wa migodi, tikiti ikilipwa na mwajiri, maili kwa kawaida ni za aliyekaa kwenye kiti. Mpe karani wa safari namba yako.

Kutumia maili kunahitaji kuanza mapema, kwa sababu viti ni vichache, na kwa ndege ya mshirika ni vichache zaidi. Mama yetu alipohitaji daktari wa Johannesburg, tulimchukulia kiti cha SAA kwa maili za ShebaMiles zilizokusanywa na watoto wake wawili kwenye safari za kazi, mmoja akalipia kwenda na mwingine kurudi. Kodi tulilipa kwa dola, na Go-Pass, ile tozo ya viwanja vya ndege vya Kongo, pia, maana hiyo hailipwi kwa maili. Pesa iliyobaki tulimlipa daktari.