Nusu Futi ya Udongo Mwekundu

SWALI: Bwana Mhariri, pokea salamu zetu. Sisi ni akina mama kumi na wanane wa chama kimoja cha South B. Tumelipa sehemu ya kwanza ya bei ya kiwanja kilicho karibu na Barabara ya Lunga Lunga, palipokuwa na godauni ambamo, kwa maelezo ya mlinzi wa zamani, betri kuukuu za magari zilivunjwa na madini yake ya risasi kuyeyushwa. Pana madoa ya oili chafu, na upande mmoja haioti hata nyasi. Tunakusudia kujenga nyumba za kupangisha na kubakiza kipande cha bustani ya mboga. Fundi wetu anashauri tumwage nusu futi ya udongo mwekundu kutoka Kikuyu juu ya kiwanja chote. Je, yatosha?
Mwekahazina, South B

JIBU: Dada Mwekahazina, haitoshi, na ninawasihi msimalize kulipa kabla udongo huo haujapimwa. Fundi wenu hakukosea katika wazo lenyewe, kwa maana kufunika ni njia halali inayotumika katika nchi nyingi, amekosea kipimo. Mwongozo wa Marekani kuhusu makazi yaliyochafuliwa na risasi unataka tabaka la udongo safi lisilopungua inchi 12, na inchi 24 pale patakapolimwa mboga. Inafaa pia chini ya tabaka hilo utandazwe wavu wa plastiki wa rangi kali, ili atakayechimba miaka ishirini baadaye ajue amefika mpakani.

Amesahau pia aina ya udongo anaotaka kuufunika. Upande huo wa Nairobi una udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaong'ang'ania viatu wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyufa zake zaweza kushuka hadi mita moja au zaidi. Vumbi la juu hutumbukia humo, mvua ikirudi udongo huvimba na kusukumana, na kilichokuwa chini hupanda kidogo kidogo. Udongo unaojigeuza wenyewe namna hiyo hautatulia chini ya tabaka jembamba.

Zaidi ya hayo, kwa kawaida msingi wa nyumba haujengwi juu ya udongo huo mweusi, bali udongo huondolewa kwanza hadi ifikiwe murram au mwamba, na fundi anapaswa kulijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo mtauchimba mpende msipende, na swali zito kuliko lile mliloniuliza ni mahali ambapo malori yatakwenda kuumwaga. Udongo wa bure una wateja wengi jijini, na mtu anayejaza shimo lake Mukuru au Embakasi hatauliza ulitoka wapi. Sioni tofauti kubwa kati ya aliyemwaga asidi ya betri kwenye kiwanja hicho na atakayeupeleka udongo wake usiku uani kwa mtu mwingine. Msafirishaji wa taka anatakiwa awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira; mwombeni awaonyeshe, na mhifadhi hati za kila safari.

Sasa tuje kwenye kupima. Kipimo cha rutuba ambacho wakulima hupeleka maabara hakitoshi, kwa sababu kinatafuta chakula cha mmea. Ninyi mnahitaji jumla ya risasi, aseniki na antimoni, ambazo zote hupatikana katika madini ya betri, pamoja na kiwango cha asidi na mabaki ya mafuta. Tafuteni mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa na NEMA, mumpeleke kwa yule mlinzi wa zamani kabla ya kumpeleka kiwanjani, kwa kuwa mzee anayekumbuka tanuri lilisimama wapi na maji ya betri yalimwagwa wapi atawaokolea fedha nyingi. Sampuli zichukuliwe juu, kisha kina cha kama sentimita 30, kisha mita moja, kila moja katika mfuko wake, na nyingine itoke nje ya kiwanja kwa kulinganisha. Mkichanganya udongo wa kiwanja kizima katika ndoo moja, sumu ya pale pasipoota nyasi itazimuliwa na udongo wa pembeni, nanyi mtaletewa jibu la kufurahisha lisilo na ukweli.

Majibu yakija, msiitazame risasi na oili kwa jicho moja. Oili huliwa na bakteria waliomo udongoni iwapo watapata hewa, unyevu na mbolea. Udongo wenye oili hurundikwa, ukachanganywa na samadi na maganda ya kahawa ili upitishe hewa, kisha ukageuzwa mara kwa mara kwa miezi kadhaa, na joto la Nairobi linasaidia. Risasi haiozi. Ni elementi, yaani kitu kisichovunjika kikawa kingine, na itabaki risasi mpaka wajukuu wa wajukuu wenu. Inaweza kuhamishwa, kufunikwa, au kufungwa kwa saruji au kwa fosfeti, ile iliyomo katika mbolea, ili isiyeyuke kwa urahisi, ingawa fosfeti hiyohiyo yaweza kuifungua aseniki, ndiyo maana sipendi kuwashauri mnunue magunia ya mbolea kabla ya majibu ya maabara. Pale asidi ilipomwagika risasi huenda imeshuka ndani zaidi, kwa hiyo hapo mchimbe kwa kufuata vipimo, si kwa kufuata rangi ya udongo. Mtasikia pia habari za kupanda alizeti ili zifyonze sumu. Kazi hiyo huchukua miaka mingi, na mimea yenyewe hugeuka taka ya sumu.

Kuhusu gharama, sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999 inashika kanuni kwamba mchafuzi ndiye anayelipa, na NEMA inaweza kumwamuru arejeshe mazingira. Someni pia habari za Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi waliathiriwa na kiwanda cha kuyeyusha betri: mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, rufaa ikaivuruga, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hesabuni miaka hiyo, kisha mwambieni muuzaji leo, wakati salio lingali mikononi mwenu, kwamba gharama ya kupima na kusafisha itakatwa kwenye bei.

SWALI: Nanunua sukuma wiki zinazolimwa kando ya Mto Ngong, chini ya viwanda. Je, kuziosha kwa maji ya chumvi huondoa risasi?
Mpishi, Mukuru kwa Reuben

JIBU: Kuosha huondoa vumbi lililoshika majani, na katika mboga za majani vumbi hilo ni sehemu kubwa ya tatizo, kwa hiyo osha kwa maji mengi yanayotiririka, chumvi haiongezi kitu. Kilichoingia ndani ya jani hakitoki kwa kuosha wala kwa kuchemsha. Kama una watoto wadogo, jihadhari zaidi na udongo wenyewe, kwa sababu wao huula kwa vidole: mwaka 2007 uchunguzi wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa uliwapima watoto 328 wa Dandora, na nusu yao walikuwa na risasi nyingi mno katika damu. Kipimo hicho cha damu mwulize daktari wa watoto, na viatu viachwe mlangoni.